Miaka 64, dawa miaka ishirini, na kiti cha plastiki

Aliyeniamsha ni konda wa daladala. Pale kituoni Rangi Tatu, Mbagala, mguu mmoja uko ndani mwingine umegoma kufuata, jamaa akanidaka kwapani akaninyanyua kama gunia la mkaa, "babu ingia twende!" Abiria wakacheka na mimi nikacheka, ila moyoni niliungua. Nimeendesha mabasi ya mikoani miaka chungu nzima, leo kupanda tu nabebwa!

Naishi na VVU, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nakula ushauri wa kila mtu. "Mzee pumzika, hali yako haitaki purukushani." Jirani mmoja akaniambia ukitoka jasho na dawa zinatoka nalo, na huyo hajawahi hata kukanyaga kliniki! Basi nikapumzika kweli kweli. Nilianza dawa 2005, enzi za vidonge vyenye stavudini, viliniokoa lakini vikaniachia ganzi kwenye nyayo mpaka leo na mapaja yakaisha nyama. Tulivyohamishiwa TLD, kidonge cha siku hizi, ndo kitambi nacho kikaja. Tumbo la mkurugenzi, miguu ya korongo.

Nikasema sasa basi, nikajiunga na joging ya mtaani. Jumamosi alfajiri, vijana, filimbi, ngoma, Barabara ya Kilwa yote yetu. Nikanunua raba za mtumba, elfu kumi na tano au ishirini sikumbuki, zimezidi saizi kidogo nikaona si kitu, na jezi ya klabu juu. Mimi JKT nimepita, kwa hiyo nikajipanga mstari wa pili wanione. Mwanzo nilikuwa mfalme, nyimbo za mchakamchaka nazijua kuliko wao, nikawa naitikia kwa sauti mpaka wanageuka kuniangalia. Karibu na Zakhem pumzi ikakata lakini aibu ikawa inanisukuma, mara nasikia katoto pembeni kanapiga kelele "babu kiatu! babu kiatu!" Kuangalia chini, raba ya kushoto haipo. Nakimbia na soksi sijui tangu wapi, kisigino kimechanwa na kokoto damu inatoka, na mimi sijasikia chochote, ganzi hiyo. Nikarudi na bodaboda, raba moja mkononi, kidonda nikakiuguza wiki mbili na zaidi.

Sista wa CTC, kliniki yetu ya VVU, hakunigombeza. Akanipima presha, akanituma nikapime sukari, halafu akaniuliza, "Baba, kiti unacho nyumbani?" Nikaona ananidharau. Kiti cha plastiki, kiegemeze ukutani kisiteleze, mikono kifuani, simama, kaa. Nilienda nikijua nitapiga hamsini. Ya nne nilidondoka puu. Nne!

Shida ya kiti ni kwamba kinachosha akili, unahesabu unasahau. Nikabuni yangu: taarifa ya habari saa mbili usiku, kila mtangazaji akitaja "mheshimiwa" nasimama nakaa. Siku za kawaida sawa, ila lilivyokuja bunge la bajeti nilitaka kufa. Mjukuu akaniuliza, "Babu, kwani wanakuona?" Nikamwambia nyamaza hesabu.

Madumu mawili ya mafuta ya lita tano nikayajaza mchanga nusu, nayanyanyua kama nabeba maji, siku mbili tatu kwa wiki, bure kabisa. Asubuhi natembea nusu saa, siku tano, sista alisema zifike dakika 150 kwa wiki. Usianze mazoezi kabla hujala, niliwahi nikaona nyota mchana. Na wenye ganzi wenzangu, kung'uta kiatu kabla hujavaa, jioni angalia nyayo kwa kioo, mimi nimeshalipia somo hilo.

Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo tangu zamani, hiyo ni kazi ya vidonge siyo ya kiti, asije mtu akaacha dozi eti anabeba mchanga. Kilichobadilika ni miguu. Daladala napanda mwenyewe, na yule jirani wa jasho juzi kaja kuomba dumu moja "ajaribu tu", nikamwambia mchanga uko pale.

Sasa nahangaika na kusimama mguu mmoja, ukuta uko karibu wa kushika. Mjukuu ananihesabia, jana kafika ishirini, ila namjua yule, kutoka nane anarukia kumi na tano.