Siku moja kitaluni, kati ya kanna mbili

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, nimeshasali, nipo kitaluni kwangu Fuoni na mpira wa maji. Huanza na maua ya kanna kwa sababu yana kiu kuliko yote, na kwa sababu konokono bado wamejikunyata kwenye majani machanga yaliyojiviringa. Nawaokota mmoja mmoja, natia ndooni.

Saa mbili ni mbegu. Za kanna ya asili, Canna indica, ni nyeusi, duara, ngumu kama changarawe. Ukizifukia hivyohivyo utangoja mpaka uchoke. Nazisugua kwa msasa upande mmoja mpaka weupe wa ndani uchungulie, kisha naziloweka kwenye maji ya moto hadi kesho. Huko Argentina ilikutwa mbegu ya jamaa yake ndani ya njuga ya kale. Ilipimwa umri wa karibu miaka 600, na ikaota! Kila nikishika msasa huikumbuka.

Saa nne, hodi.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mbegu za lile kubwa la manjano."

Nikamweleza kuwa lile la bustani ni chotara, mara nyingi halizai mbegu. Uchanganyaji huo aliuanza Théodore Année, Mfaransa, katikati ya karne ya 19. Nikachimbua shina lake la chini, limegawanyika kama tangawizi, nikakata vipande vyenye macho mawili mawili, nikavitia kwenye viriba vya udongo na samadi.

Nikamchania na ua moja. Petali zake ni zile tatu nyembamba za nyuma, ambazo hakuna anayezitazama. Haya mapana yanayong'aa ni stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zilizogeuka umbo. Chavua imebaki ukingoni mwa moja tu.

"Na lile dogo jekundu mtaroni? Si gugu lile?"

Hapo ndipo huumia. Lile ndilo Canna indica, mmoja wa wazazi wa hili analolitaka. Limetoka Amerika ya joto, ingawa jina linasema India, na watu wa milima ya Andes wanalilima kwa chakula, wanaliita achira, wanapika shina lake na kutoa wanga. Nikamng'olea chipukizi, bure.

Mchana joto, nalala kidogo.

Baada ya alasiri nachungulia sinia la mchanga la wiki iliyopita. Mbegu tatu zimepasuka. Mzizi wa moja umetoka, mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele.