Miezi miwili ya kuisingizia mota

Mashine yangu ya kuchonga aluminiamu iko barazani nyuma ya nyumba, hapa Tabata, Dar es Salaam, na inafunikwa turubai mvua ikianza. Niliiunda mwenyewe: mota tatu za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 17, skrubu ndefu za T8 zinazosogeza meza milimita 8 kwa kila mzunguko, na Arduino, bodi ndogo ya kompyuta, yenye GRBL, programu inayoongoza mota. Kilichonitesa ni mhimili wa X, mmoja wa mielekeo mitatu ya mwendo. Nikitoboa matundu 12 kwenye bamba, yale ya mwanzo yanakaa sawa, ya mwisho yamehama. Jumamosi moja yalihama milimita 0.23, iliyofuata 0.41.

Stepa haijui ilipo. Unaiagiza hatua elfu, inapiga inazoweza, na hakuna anayehakiki. Basi nikaamini mota inaruka hatua. Nikaiongezea umeme kwenye draiva, kibodi kinachoiendesha mota, hadi ikawa haishikiki kwa moto. Nikapunguza mwendo, kazi ya dakika kumi ikawa ya nusu saa. Mzee mmoja anayekereza vyuma mtaa wa Gerezani nilimwonyesha video, akauliza kitu kimoja tu: "Koplingi umeikaza, mwanangu?" Koplingi ndiyo kiungo kati ya mota na skrubu ndefu. Nikamwambia nimekaza, mzee. Na kweli nilikuwa nimekaza.

Ndipo nikanunua AS5600, kichipu kinachosoma mwelekeo wa sumaku na kuugawa mzunguko mmoja sehemu 4096. Unagandisha sumaku kwenye ncha ya nyuma ya shafti ya mota, kichipu kinakaa mkabala nayo kwa umbali wa milimita moja au mbili, havigusani.

Hapo kwenye sumaku nilipoteza wiki nzima. Nilichukua ya duara niliyokuwa nayo kwenye kopo. Nazungusha mota, namba hazieleweki. Kumbe sumaku nyingi za duara zina ncha ya kaskazini upande wa juu na kusini upande wa chini, kwa hiyo hata ukiizungusha, kichipu hakioni badiliko lolote la maana. Inayotakiwa imegawanywa kwa upana: nusu duara kaskazini, nusu kusini. Kwa macho zinafanana kabisa. Sasa nazipima kwa dira: naiweka sumaku imelala mezani, naizungusha polepole, sindano ikiifuata basi ndiyo yenyewe. Halafu ikae katikati ya shafti. Yangu ya kwanza niliibandika kwa macho, ikakaa pembeni kidogo, na kosa likawa linapanda na kushuka mara moja kila mzunguko. Nilikereza kikombe kidogo cha shaba nyeupe cha kuishikia, mambo yakatulia.

Waya nao una maneno. Nilivuta waya wa karibu mita moja kutoka kwenye kichipu, sambamba na nyaya za mota, na mawasiliano yakawa yanaganda kila spindo, mota inayozungusha kikatio, ikiwaka. Arduino ndogo nimeihamishia palepale nyuma ya mota, waya haufiki shubiri. Na kama unataka kufunga mhimili zaidi ya mmoja, kumbuka AS5600 zote zina anwani moja, 0x36, hivyo mbili haziwezi kukaa kwenye waya mmoja bila kitu cha kuzipokeza zamu. Mimi nimempa kila mota Arduino yake, yaishe.

Siku ya kupima niliandika namba ya kuanzia, nikaendesha kazi nzima, nikairudisha meza sifuri. Mota ilirudi palepale, tofauti haikuzidi vipande vinne kati ya 4096. Meza ilikuwa imehama milimita 0.3 na ushee.

Nilikaa chini.

Na hesabu ilikuwa mbele yangu siku zote. Stepa ya hatua 200 ikiteleza, haitelezi inavyotaka: rota, sehemu ya mota inayozunguka, inadondokea kwenye nafasi nyingine inayofanana na ile ya kwanza, yaani hatua nne kwa mpigo. Kwa skrubu yangu hizo ni milimita 0.16, kisha 0.32, kisha 0.48. Sasa 0.23 ingetoka wapi? Nikachora mstari wa kalamu ya wino kutoka kwenye koplingi hadi kwenye skrubu ndefu, nikaendesha tena. Mstari ulikatika vipande viwili. Kiskrubu cha koplingi kilikuwa kimekazwa, ila kilikalia vilele vya meno ya T8. Nikapiga tupa nikaisawazisha sehemu ndogo ya skrubu ili kipate pa kukalia. Mzee nilimpigia simu. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kihisi sijakitoa. Arduino ile inahesabu mapigo yanayoenda kwenye draiva na kuyalinganisha na inachosoma. Tofauti ikifika vipande 40, inavuta pini ya GRBL ya kusitisha mwendo. Hatua nne ni kama vipande 82, kwa hiyo mashine inasimama rota ikiwa ndiyo kwanza inataka kuteleza. Ila koplingi ikilegea tena hakitaona kitu, kwa sababu kinatazama mota, si meza.

Wiki iliyopita nilichonga chuma badala ya aluminiamu, chenga zikaenda kujikusanya kwenye sumaku kama ndevu na namba zikaanza kuyumba. Sasa nimeifunika kwa kifuniko cha kopo la dawa ya kikohozi, kimeenea vizuri kabisa.