Nilivyoacha kupotoshwa na asilimia za poka

Kwa miezi kadhaa, nikicheza poka ya mtandaoni jioni hapa Kondele, Kisumu, nilimpima mpinzani kwa namba mbili tu: asilimia ya mikono (yaani raundi za kugawiwa karata) anayoingiza pesa kwa hiari kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, na asilimia anayopandisha dau hapo. Nikiona 60 kwa 40, basi huyo ni wa fujo, namfuata hadi mwisho na jozi yangu ya tisa. Nikawa nachapwa.

Usiku mmoja nikafungua rekodi za mmoja wao. Ile 60 ilikuwa mikono 9 kati ya 15! Tena mingi aliicheza meza ikiwa na watu watatu, ambapo dau la lazima hukufikia haraka na kila mtu huingia na karata dhaifu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya programu inayonihesabia namba hizi, nikaweka idadi ya mikono kando ya kila asilimia, kisha nikachuja meza za watu sita peke yake. Chini ya mikono 100 simhukumu mtu.

Jamaa huyo sasa ana mikono 412: 22 kwa 18. Mtulivu kabisa. Nikipandisha naye akapandisha juu yangu, tisa zangu nazitupa.