Kata mti, usipande: fito za heizeli huku Hampshire

Nikiwaambia watu nafanya kazi ya bustani Uingereza, wanadhani nashinda nikifyeka majani. Majani yapo, sikatai. Ila tangu Novemba niko msituni huku Hampshire, nakata fito na kusuka nyua za bustani pamoja na mzee mmoja asiyependa maneno mengi.

Siku ya kwanza nusura nigome. Alishika msumeno, akakikata kichaka kizima cha heizeli (hazel, mti mfupi unaotoa fito nyingi kutoka shina moja) hadi karibu na ardhi. Mimi nimekua na "kata mti, panda mti" masikioni, nikamuuliza miche iko wapi. Akacheka. Hakuna miche. Kisiki kitachipua chenyewe baridi ikiisha, na baada ya miaka 7 hadi 10 fito zinakuwa zimenyooka, tayari kukatwa tena. Mti unaokatwa hivi huishi miaka mingi kuliko ule ulioachwa ukue. Kinachoua ni paa. Wakiyapata machipukizi hawabakizi kitu, ndiyo maana visiki tunavifunika kwa matawi.

Kusuka sasa. Kuna gogo limelazwa chini, limepinda kidogo, lina matundu 10. Unachomeka fito za kusimama, kisha unasuka kwa fito ulizopasua katikati kwa mundu. Gogo limepinda makusudi: ua ukilazwa ukakauka, unanyooka na kujibana. Shida iko pembeni, pale unapogeuza. Ukiupinda ufito hivihivi, pwa! Lazima uusokote kwanza kama unayekamua shuka, nyuzi ziachane, ndipo uzunguke kama kamba. Mikono yangu imechubuka kwa somo hilo moja.

Wateja wengine hulalamika kwamba ua wa kusuka utaoza. Kweli, miaka 8 au 10 hivi, basi. Lakini ukuta wa mbao zilizobanana unaugonga upepo, upepo unaruka juu na kuporomokea mimea upande wa pili. Huu wa kusuka unauchuja. Na rangi ya maganda yake haishindani na maua yaliyo mbele yake, jambo ambalo wabunifu wa bustani wanalijali sana.

Wiki jana nimemaliza ua wangu wa kwanza peke yangu. Mzee akausukuma kwa goti, akazunguka nyuma, akapaona nilipoficha ufito uliovunjika. Hakusema neno. Ameupeleka kuzungushia lundo la mboji.