Baba mdogo katika Bustani ya Mimea

Baba mdogo alipokuja Dar es Salaam kutoka Muheza, nilipanga kumpeleka Makumbusho ya Taifa. Tulishuka Posta tukatembea kwa miguu, na jua la Januari mnalijua. Tulipofika Bustani ya Mimea, ambayo iko jirani kabisa na Makumbusho, akasema tuingie kivulini kidogo.

Wapi kupumzika! Mkulima wa machungwa yule, na ujanani mkata mkonge, hapiti kwenye mti bila kushika gome lake. Mimi nikajitia kiongozi wa watalii. Nikamwambia bustani ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Mjerumani, chini ya Franz Stuhlmann, kama mahali pa kujaribia mazao ya biashara. Mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika Tanga 62 tu iliyo hai.

“Sitini na miwili,” akasema. “Ndiyo iliyotuvunja migongo sote.”

Kisha akaniuliza: huyo Stuhlmann alimwagilia mwenyewe? Sikuwa na jibu. Vitabu vinamtaja yeye, aliyebeba ndoo hatajwi.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani akatuonyesha mnazi wa Shelisheli. Nazi yake huweza kupita kilo 20, na zamani mabaharia waliokota vifuu vyake vikielea baharini wasijue vimetoka mti gani. Nilitegemea Baba mdogo ashangae. Yeye akauliza, “Huu dume au jike?” Alipoambiwa kwamba kweli miti hiyo ina dume na jike, akatikisa kichwa akaridhika: “Kama mpapai.” Basi, maajabu yakaishia hapo. Hata tausi aliyepita mbele yetu akiburuta mkia hakumtazama mara mbili.

Kumbe mzee wa ufagio naye alikuwa na michungwa kwao. Wakakaa chini ya mti, mazungumzo yakahamia kwenye kubebesha: mchungwa juu ya mlimau, ukate wapi, ufunge na nini, mvua zikichelewa ufanyeje. Nikawakumbusha mara mbili kwamba Makumbusho hufungwa jioni.

“Mwanangu, nenda wewe,” Baba mdogo akasema bila kugeuka. “Utatukuta hapa. Na ukirudi, tuletee maji.”