Kinu cha Lumbridge: Siku za Kwanza Ndani ya Old School RuneScape

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mpwa wangu anayeishi Morogoro alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akanieleza kwamba amepakua mchezo wa Old School RuneScape katika simu yake, amekwisha kuvuka kisiwa cha mafunzo, na sasa mhusika wake amesimama mbele ya ngome ya Lumbridge, mji wanapoanzia wageni wote, akiwa na upanga wa shaba, shoka, wavu mdogo wa kuvulia na kipande cha mkate. Alitaka kujua jambo moja tu: silaha kubwa zinapatikana wapi, na zinapatikana haraka kwa njia gani. Nilimuuliza kama amekwisha kufika kinuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajakiona kinu chochote. Makala hii nimeiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila anayeingia katika mchezo huo akiwa na swali kama lake.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji huongoza mhusika mmoja anayeishi katika ulimwengu wa enzi za ngome na mapanga, pamoja na maelfu ya wachezaji wengine wanaoingia humo kwa wakati ule ule. Uliasisiwa na ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, na ukafunguliwa kwa umma mwezi Januari 2001. Kampuni inayouendesha, Jagex, ina makao yake Cambridge. Miaka ilivyopita mchezo ulibadilishwa sana, kiasi kwamba wachezaji wengi wa zamani waliuona umekuwa kitu kingine, na kilio chao kilipozidi kampuni ilichukua nakala iliyokuwa imehifadhiwa tangu Agosti 2007 na kuifungua upya mwezi Februari 2013 kwa jina la Old School. Tangu hapo mambo mapya yanayopendekezwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Kwetu sisi tarehe iliyo muhimu zaidi ni 30 Oktoba 2018, siku mchezo ulipoingia katika simu za mkononi, maana hapo ndipo mtu asiye na kompyuta nyumbani alipoweza kuingia katika ulimwengu ule ule, kwa akaunti ile ile, bila kupunguziwa chochote. Mimi niliingia mwaka uliofuata, nikiwa na simu ya kawaida kabisa, na picha zake za kizamani hazikuisumbua simu hiyo hata siku moja.

Liko jambo moja la kiufundi ambalo ningependa kila anayeanza akiwa Afrika Mashariki alielewe mapema. Mchezo huu hauendi mfululizo kama michezo ya kupigana au ya mpira. Unakwenda kwa mapigo, kama ngoma, na kila pigo huchukua sekunde 0.6. Hatua unayopiga, panga unalorusha na samaki unayemla, vyote husubiri pigo linalofuata. Seva zake, yaani kompyuta zinazouendesha, nyingi ziko mbali nasi, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia, hivyo ujumbe wa simu yako unasafiri mwendo mrefu chini ya bahari kabla ya kufika. Katika mchezo mwingine uchelewaji huo ungekuangamiza, lakini hapa pigo ni refu kuliko safari ya ujumbe, na mchezaji wa Tanga anaweza kusimama na mchezaji wa London bila kuonewa sana. Unapoingia, tazama bendera iliyo kando ya kila seva na uchague ya Uingereza au Ujerumani. Kwa uzoefu wangu hizo hujibu vizuri zaidi kuliko za Marekani.

Sasa nirudi kinuni. Katika jiko la ngome ya Lumbridge yumo mpishi mwenye wasiwasi mkubwa, kwa sababu ni siku ya kuzaliwa ya bwana wake na hana vitu vya kuokea keki. Anakuomba umletee yai, maziwa na unga. Wachezaji wengi wapya huiona kazi hiyo kuwa ya kitoto, na wengine huiacha kabisa, kwa kuwa malipo yake ni pointi moja ya misheni na pointi 300 za uzoefu wa upishi. Mimi nasema ndiyo kazi bora kuliko zote ambazo mgeni anaweza kufanya siku ya kwanza, na sababu yangu ni hii: ndani yake mchezo mzima umefichwa kwa udogo. Yai utaliokota kwenye banda la kuku. Maziwa utayakamua mwenyewe kwa ndoo uliyopewa kisiwani, na si kila ng'ombe anayekamuliwa. Ama unga, huo hauuzwi na mpishi wala hauletwi na mtu. Utakwenda shambani kaskazini ya mji, utavuna ngano kwa mkono, utaingia katika kinu cha upepo, utapanda ngazi hadi orofa ya juu kabisa, utaimimina ngano katika mdomo wa kinu, utavuta wenzo wa kukiendesha, utashuka tena hadi chini, na hapo utaukuta unga ukikusubiri uuteke kwa chungu.

Nakumbuka mara yangu ya kwanza. Nilikuwa nimevuna ngano na kuipeleka moja kwa moja kwa mpishi, nikidhani mchezo utaniridhia, naye akanikatalia. Nilizunguka kile kinu karibu nusu saa kabla ya kugundua kwamba ngazi haziishii orofa ya pili. Unga ulipotoka nilifurahi furaha ambayo panga nililolinunua miezi kadhaa baadaye kwa mamilioni ya sarafu halikunipa. Tangu siku ile nimekuwa nikiuangalia ulimwengu huo kwa jicho jingine: kila kitu ndani yake kimetoka mahali fulani na kimepitia mikono ya mtu. Upanga ulikuwa mawe ya mgodini, mawe yakayeyushwa katika tanuri, chuma kikafuliwa juu ya fuawe. Nguo ya ngozi ilikuwa ng'ombe wa shamba lililo ng'ambo ya mto, na ngozi yake ilipelekwa Al Kharid, mji wa jangwani, ambako mlinzi wa lango hukutoza sarafu 10 kabla hujapita, ili ikatengenezwe na mtengenezaji ngozi. Mtu anayeyajua hayo hakosi fedha kamwe, kwa sababu anajua ni kitu gani watu wanahitaji na hawapendi kukihangaikia wenyewe. Mtu anayepewa silaha na ndugu yake siku ya kwanza halijui hata moja, na ndiyo maana nilimnyima mpwa wangu sarafu alizoniomba, ingawa ninazo.

Kuna hesabu nyuma ya ushauri huo. Kila ujuzi, uwe wa kupigana, kuvua, kukata miti au kupika, huanzia kiwango cha 1 na kupanda hadi 99, isipokuwa uhai ambao huanzia 10. Kutoka 1 kwenda 2 unahitaji pointi 83 tu za uzoefu, jambo la dakika chache. Kufika 99 unahitaji pointi 13,034,431, na aliyefika 92 ndiyo kwanza amefika katikati ya njia. Kwa hiyo viwango vya mwanzo ndivyo vinavyopanda kwa kasi na kukuonyesha kitu kipya kila baada ya muda mfupi. Huko mbele utakata mti wa aina moja kwa wiki nzima. Anayezikimbia siku hizi za mwanzo ili afike huko ambako mambo ni ya polepole anajinyima sehemu tamu kwa hiari yake.

Kwa upande wa mapigano, anza na kuku, kisha vuka daraja la mashariki uwakabili vibwengo wadogo wa kijani wanaozurura huko, halafu nenda kwa ng'ombe, na ngozi zao usiziache chini. Mara tu ustadi wako wa kushambulia utakapofika 5 unaweza kushika upanga wa feleji, na tofauti yake na ule wa shaba utaiona katika mapigo ya kwanza. Chagua pia namna ya kupiga, kwa sababu namna moja hukuza ustadi wa kushambulia, nyingine nguvu na nyingine ulinzi, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba walikuwa wakikuza jambo moja tu. Chakula usikinunue. Shuka kusini hadi kwenye kinamasi, tega wavu wako, vua kamba, kisha uwapike katika jiko lile lile la mpishi, ambaye akishapata keki yake hukuruhusu kutumia jiko linalounguza chakula kwa nadra kuliko moto wa kuni. Mfuko wako una nafasi 28 tu. Jaza nusu yake chakula, na ukumbuke kwamba benki iko orofa ya juu kabisa ya ngome hiyo hiyo.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, yapo mambo ya akaunti, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Watu wengi huku kwetu hutumia barua pepe waliyofunguliwa dukani siku waliponunua simu, na nywila yake hawaijui. Ukisajili akaunti yako kwa anwani kama hiyo, siku simu itakapoibiwa au kuharibika utakuwa umepoteza pia kazi ya miezi. Fungua barua pepe yako mwenyewe, andika nywila yake katika daftari linalokaa nyumbani, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uiwekee benki yako ya mchezoni namba ya siri ya tarakimu nne. Ukishakuwa na nguvu kidogo, na samaki wa kutosha mfukoni, nenda katika mapango ya Stronghold of Security yaliyoko katika kijiji kilicho magharibi ya Varrock, mji mkubwa ulio kaskazini ya Lumbridge. Milango yake hukuuliza maswali kuhusu usalama wa akaunti kabla ya kukupisha, na anayeyapita mapango hayo hupata jumla ya sarafu 10,000, ambazo kwa mgeni ni mtaji wa kweli.

Nasisitiza usalama kwa sababu nimeumia. Katika mwezi wangu wa pili mchezaji mmoja alinikuta sokoni, akayasifu mavazi yangu ya vita, na akaniambia kwamba anao ujuzi wa kuyatia nakshi ya dhahabu bila malipo. Nilimkabidhi. Alitoweka pale pale. Hakuna mchezaji yeyote mwenye ujuzi huo; mavazi yenye nakshi hutoka katika masanduku ya hazina, basi. Wapo pia wanaoahidi kurudisha maradufu fedha utakazowapa, na wapo wanaokuvuta kwa upole kuelekea kaskazini hadi uvuke handaki la Wilderness, eneo ambalo mchezaji anaruhusiwa kumuua mwenzake na kuchukua mali yake. Nje ya eneo hilo, katika seva za kawaida, hakuna mchezaji anayeweza kukugusa, kwa hiyo njia yao pekee ni maneno. Kila biashara kati ya watu wawili hupitia madirisha mawili ya uthibitisho. Lile la pili lisome polepole, kila mara, hata kama unayefanya naye biashara anakuharakisha. Hasa kama anakuharakisha.

Kuhusu uanachama wa kulipia, sina mengi. Sehemu ya bure inatosha kabisa kwa miezi ya kwanza, na atakayetaka kuendelea bila kutoa fedha ya mfukoni anaweza kununua hati ya uanachama wa siku 14 katika soko kuu la Varrock kwa sarafu za mchezo. Asinunue sarafu kwa watu wa pembeni wanaoziuza kwa fedha halisi. Ni kinyume cha sheria za mchezo na akaunti inaweza kufungwa.

Jana usiku mpwa wangu alinitumia picha ya chungu kilichojaa unga. Hakuandika neno lolote chini yake. Asubuhi akauliza njia ya kwenda Varrock, nami nikamwandikia hivi: fuata barabara ya kaskazini, na utakapokaribia mji utaona duara la mawe makubwa yaliyosimama. Hapo pana wachawi wanaomrukia kila mgeni dhaifu bila kumsalimu, kwa hiyo usipite kati yao. Zunguka kwa mbali upande wa mashariki. Wakikuua, utabaki na vitu vyako vitatu vyenye thamani kubwa zaidi, na vingine vitakaa kaburini kwa dakika 15 za kucheza, muda unaotosha kurudi kwa miguu kutoka Lumbridge. Ila safari hiyo ya pili, mwanangu, beba kamba waliopikwa.