Siku Yangu na Mfupa wa Ng'ombe

Saa 1 asubuhi niko soko la Majengo. Muuza nyama ananiuliza, "Mwalimu, leo supu?" Namwambia ni ya darasani. Anaupasua mfupa wa paja kwa shoka.

Saa 3 nina wanafunzi wa udaktari, na hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Mfupa unapita mkono kwa mkono. Katikati uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, ni wa njano, mafuta matupu. Kwenye kichwa cha mfupa umebaki mwekundu, ndiko damu inakotengenezwa. Nawaeleza kwamba mwaka 1999 Wajapani walichukua seli za uloto wa panya, wakaziwekea azasitidini, dawa inayofuta alama za kikemikali zinazozifungia jeni. Wiki kama mbili baadaye baadhi ya seli zikaanza kudunda zenyewe kwenye kisahani. Nawawekea video ya seli za moyo zikidunda. Darasa zima kimya. Binti wa mbele ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu mapigo.

Ila siwaachi hapo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa seli za uloto zimeota misuli mipya ndani ya moyo wa panya ulioumia. Mwaka 2004 maabara nyingine zilirudia jaribio hilo: seli zilibaki kuwa seli za damu. Mwaka 2018 Harvard ikaomba makala 31 za maabara ya Piero Anversa, mmoja wa watafiti hao, zifutwe.

"Na wagonjwa waliokwisha kudungwa seli hizo, mwalimu?"

Swali hilo lilinikwama kooni. Nilimjibu ukweli: wengi walidungwa uloto wao wenyewe, na misuli mipya haikuota.

Mchana vikao tu.

Saa 10 nafika Nkuhungu kwa baba mdogo, ambaye moyo wake umetanuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, nimepata ile dawa yenu ya seli shina."

Seli shina ni seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kama zile za uloto. Hivi ni vipakiti sita vya unga, kauziwa na mtu aliyepita mtaani. Nilikasirika, lakini si kwake. Nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Frusemaidi yake, dawa ya kupunguza maji mwilini, imeisha tangu juzi, hela ilikwenda kwenye vipakiti.

Saa 12 jioni nipo duka la dawa, nanunua vidonge vya mwezi mzima.